Sampla na traki za bendi jukwaani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kutoka Malindi hadi Lamu

Bendi yetu ni watu sita, makao yetu Malindi. Kazi zetu nyingi ni harusi na hoteli za ufuoni mpaka Watamu, na mara chache kwa mwaka tunavuka kwenda Lamu. Mimi ndiye mbonyezaji wa mashine. Mpiga zumari hatuna, fidla tunayo siku mwenyewe akiwa na nafasi, na waitikiaji ni wawili pale panapotakiwa wanne. Vinavyopungua vinatoka kwenye sampla, yaani mashine inayopiga sauti zilizorekodiwa. Wenzangu wa bendi nyingine huniuliza maswali yale yale, na nimechoka kuyajibu kwa ujumbe wa sauti usiku wa manane, kwa hiyo nimeyaandika.

Sampla ina tofauti gani na kinanda chenye midundo yake?

Kinanda cha midundo kinakupa sauti alizopanga aliyekitengeneza. Sampla inakurudishia ulichorekodi wewe. Ukirekodi dufu la mjomba wako, litalia dufu la mjomba wako, pamoja na ule mlio wake wa ngozi iliyolegea kwa unyevu.

Jukwaani sampla hufanya kazi mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kucheza traki ndefu: wimbo mzima wa dakika nne wenye fidla na waitikiaji, nyinyi mnapiga juu yake. Ya pili ni kurusha vipande vifupi: zumari la utangulizi, vigelegele, makofi, pigo moja la msondo. Jiulize kwanza unataka ipi, kwani mashine inayofaa moja inaweza kukuchosha kwa nyingine.

Nikifika dukani niangalie nini kwanza?

Geuza mashine uone nyuma. Hesabu matundu ya kutokea sauti. Muuzaji atakuonyesha mbele, taa za rangi na idadi ya sauti zilizomo. Hizo utazifuta wiki ya kwanza.

Ikiwa na jozi moja tu ya matundu, yaani kushoto na kulia, kila kitu kitatoka pamoja kwenda kwa wasikilizaji. Ikiwa na jozi mbili, unaweza kupeleka muziki kwenye spika na kliki, yaani mlio wa kuhesabia mapigo, kwenye sikio la mpiga dramu peke yake. Bila kliki masikioni mwake, traki yoyote inayozidi pigo chache itawaacha njiani. Nimeona bendi ya watu wazima, wapigaji wa miaka mingi, ikikimbizana na fidla ya kwenye mashine kama watu wanaofukuza matatu.

Jambo la pili: uliza inazimwaje. Si kuwasha, kuzima. Nitalirudia hilo chini.

Sina pesa za mashine. Simu haifai?

Inafaa, na wengi tulianzia hapo. Tengeneza faili ambayo upande wa kushoto una kliki tupu na upande wa kulia una muziki. Chukua kebo inayotoka tundu dogo la simu ikigawanyika jeki mbili za mono. Ya kushoto iende kwenye hedifoni za mpiga dramu kupitia miksa ndogo, ya kulia iende kwa fundi mitambo. Muziki utatoka mono, lakini kwenye ukumbi wa harusi aliyekaa upande mmoja husikia spika ya upande wake tu, kwa hiyo hakuna atakayekudai stereo.

Weka simu katika hali ya ndegeni. Si ombi. Na zifunge jeki hizo tepu za rangi mbili, kwa sababu kuna usiku mmoja kwenye hoteli ambapo kijana wa miksa alizibadilisha, na wageni wakacheza dakika nzima kwa ti-ti-ti-ti kabla hatujatambua. Wengine walipiga makofi.

Unapendekeza mashine gani?

Nitasema nizijuazo.

Roland SPD-SX ndiyo utakayoiona kwa wapiga dramu wengi. Ina pedi tisa za mpira unazoweza kupiga kwa vijiti, matundu makuu pamoja na jozi ndogo ya pili ya kutolea kliki, na tundu la swichi ya mguu. Ya kwanza ina kumbukumbu ya takriban gigabaiti 2. Iliyofuata mwaka 2022, SPD-SX PRO, ina 32. Kama kuna mpiga dramu anayejua mpangilio wa nyimbo, mpe yeye hii na umuachie. Yeye ndiye anayehesabu, kwa hiyo yeye ndiye anayefaa kuanzisha traki, si mwimbaji na wala si kiongozi wa bendi anayependa kuonekana.

Roland SP-404MKII ya mwaka 2021 ni ndogo, inabebeka kwenye mkoba wa kanzu, na inakubali umeme wa USB au betri sita ndogo za AA. Bei yake ni chini ya nusu ya SPD-SX PRO. Ni nzuri kwa kurusha vipande na kwa kuchezea sauti. Lakini jozi ya matundu ni moja, basi kwa kliki utarudi kwenye ule ujanja wa kushoto na kulia. Pedi zake ni za vidole. Ukizipiga kwa kijiti utazilipia.

Akai MPC Live ina betri yake ya ndani na matundu sita ya kutokea. MPC One, ndugu yake wa bei nafuu, haina betri na ina jozi moja. Nawatajia zote mbili kwa sababu nimekutana na mtu aliyenunua One akidhani ni Live iliyofinywa. Mashine za jina la MPC zimekuwepo tangu 1988, na bado ni vyombo vya mtu anayetunga studio. Jukwaani zinataka mkono uliotulia na macho yanayosoma skrini, na kwenye harusi vyote viwili huwa adimu.

Alesis SamplePad Pro ina pedi nane na inasoma kadi ya SD. Kwa vipande vifupi inakidhi. Kwa traki ndefu sikushauri.

Sisi tunatumia SPD-SX ya zamani, ya mkono wa pili. Pedi moja imekufa na tumebandika plasta juu yake ili mtu asiipige kwa mazoea.

Kwa nini nisitumie laptopu?

Tumia, kama una mtu wa kuilea. Programu ya Ableton Live iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2001 inafanya yote niliyoyataja na zaidi, na ukiiunganisha na kadi ya sauti yenye matundu manne, kwa mfano Behringer UMC404HD, tatizo la kliki limekwisha. Unaanzisha kwa Launchpad, ubao wa vitufe vya kubonyeza, au kwa pedali ya MIDI inayoipa kompyuta amri kwa mguu.

Kinachowatisha watu ni ucheleweshaji, yaani muda kati ya kubonyeza na kusikia. Kadi ikipewa bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kutolewa, ya sampuli 128 kwa kilohezi 44.1, inachelewa kama milisekunde 3 kwa upande wa bafa hiyo peke yake. Ukiipa 1024 inafika 23. Kwa pigo la msondo linalotakiwa likae na dramu, 23 unaisikia. Kwa traki ndefu haina maana yoyote: ikishaanza, imeanza, na kliki yake inatembea nayo. Kwa hiyo anayecheza traki ndefu tu aiweke bafa kubwa, laptopu ipumue.

Adui wa laptopu huku kwetu ni joto na unyevu. Ukumbi wa Malindi mwezi wa Februari, watu mia tatu, laptopu juu ya spika ya besi: hiyo ni kuiomba izime.

Kliki ya chakacha inapangwaje? Mpiga dramu wetu anapotea kila mara.

Hapa ndipo bendi za pwani zinapoumia, na vitabu vya maelekezo vya mashine havisaidii, kwa sababu vimeandikwa kana kwamba dunia nzima inahesabu nne.

Chakacha, ngoma yetu ya pwani, ni sita kwa nane. Mwili unasikia mapigo mawili makubwa, na kila moja limegawanyika matatu. Ukiiacha mashine kwenye nne kwa nne na kutafuta mwendo kwa kubahatisha, kliki itaangukia mahali ambapo mguu haukanyagi. Mpiga dramu atavumilia mistari minane, kisha atachagua kusikiliza wachezaji badala ya kliki, na kusema kweli atakuwa na haki.

Tunavyofanya sisi: hatutumii kliki ya mashine kabisa. Tunaitia kliki ndani ya faili yenyewe, upande wake. Pigo kubwa linalia kwa sauti ya kigogo, yale madogo mawili yanayofuata kwa sauti hafifu ya njuga. Mbele ya wimbo tunaweka mistari miwili ya kuhesabia, na katika mstari wa pili tunanyamazisha yale madogo ili asikie tu moja, mbili. Mpiga dramu wetu alisema tangu hapo anahisi kuna mtu amesimama nyuma yake anampigia makofi.

Kuna shida nyingine isiyotibika kwa kliki. Chakacha ikikolea inapanda. Wanawake wakishafunga leso viunoni, mwendo wa dakika ya kwanza si mwendo wa dakika ya tano, na traki haijui hilo. Ndiyo maana nyimbo za kuchezwa tumeziondolea traki ndefu kabisa na kubaki na vipande: zumari mistari minne, mwitikio mmoja, vigelegele. Ngoma inakwenda itakavyo, mimi nadondosha kipande pigo linapofika. Traki ndefu tumeziacha kwa nyimbo za hotelini wakati wa chakula, ambapo hakuna anayetaka kupandishwa na chochote.

Mpiga dramu hataki hedifoni. Hawezi kusikia traki kutoka spika za mbele?

Hapana. Sauti hutembea mita moja kwa karibu milisekunde 3. Spika zikiwa mita kumi mbele yake, anasikia traki ikiwa imechelewa milisekunde 30, naye akiifuata atachelewa vivyo hivyo. Mwekee spika ya miguuni kama hedifoni zinamkera.

Umesema kuzima ni muhimu kuliko kuwasha. Kwa nini?

Kwa sababu ya adhana, kwanza. Mji wa kale wa Lamu una misikiti kila mtaa, na hakuna bendi yenye adabu itakayoendelea kupiga muadhini anapoanza. Gita linanyamaza kwa kiganja. Mashine inanyamaza ikiwa umeipanga inyamaze. Kama traki yako iko katika hali ya kupiga mara moja mpaka mwisho, na mashine haina kitufe cha kuzima vyote kwa pamoja, utabaki unatafuta kitufe cha sauti gizani huku mzee wa mstari wa mbele akikutazama.

Basi fanya hivi. Traki ndefu ipange kwa kugusa-iwake, kugusa-izime. Vipande vifupi viache vipige mpaka mwisho wake. Sauti zisizotakiwa kulia pamoja, kwa mfano traki mbili za nyimbo tofauti, ziweke kwenye kundi moja la kunyamazishana, ili ya pili ikianza ya kwanza ife yenyewe. Na swichi ya mguu iwe ya kuzima vyote. Usiipe kazi nyingine hata ukishawishika.

Sababu ya pili ni hotuba. Wakati wa hotuba teremsha sauti kuu kabisa. Kwenye harusi moja niliegemea mashine baba wa bibi harusi akiomba dua, na zumari lote la mistari minne likatoka. Yule mzee alimaliza dua yake. Malipo yetu tuliyapata pungufu na sikubishana.

Faili ziwe WAV au MP3?

WAV. MP3 huongeza kimya kifupi mwanzoni mwa faili, na kipande kinachotakiwa kujirudia kitakuwa kinachechemea kila kikizunguka. WAV ya stereo, kilohezi 44.1 na biti 16, inakula kama megabaiti 10 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni takriban 42, kwa hiyo gigabaiti 2 zinabeba kama nyimbo arobaini na tano. Kwa usiku wa harusi zinatosha na kubaki.

Na sawazisha ukubwa wa sauti nyumbani, wimbo kwa wimbo, kwa masikio, kupitia spika na si hedifoni. Fundi mitambo hawezi kukimbizana na traki moja inayonong'ona na nyingine inayobweka.

Traki tuliyotoa kwenye kaseti ya zamani haikubaliani na gita letu.

Kaseti haikuwa inazunguka kwa mwendo sahihi, ama ilipokuwa ikirekodiwa au kwenye mashine uliyokopa ya kuichezea. Wimbo unaangukia katikati ya noti mbili. Urekebishe kwenye kompyuta mpaka ulingane na noti ya A ya hezi 440, halafu urekodi upya. Usijaribu kulegeza nyuzi za gita zifuate kaseti. Wimbo unaofuata utakuumbua.

Kama ni taarabu ya mtindo wa zamani yenye udi au fidla inayoteleza kati ya noti, usiruhusu programu ikunyooshee noti moja moja. Sogeza wimbo mzima kwa kiasi kimoja. Zile noti zinazokaa kati ndizo utamu wenyewe.

Umeme ukikatika?

Utakatika. Betri inaokoa mashine, haiokoi spika, kwa hiyo usihesabu sana juu yake. Faida yake ni kwamba stima ikirudi, au jenereta ikishika, wewe uko tayari. Mwenye mashine isiyo na betri anasubiri iwake na kusoma kumbukumbu yake, na kwenye SPD-SX iliyojaa kusubiri huko si kufupi. Sisi tumenunua UPS ndogo ya kompyuta, lile boksi la betri ya akiba, inabeba mashine na miksa ndogo. Inapiga kelele ikipoteza umeme, basi kaa nayo mbali na maikrofoni.

Umeme wetu ni volti 240. Mashine aliyokuja nayo jamaa kwenye sanduku kutoka Marekani, soma adapta yake kabla hujaichomeka. Ikiandikwa 100–240, tafuta kichwa cha pini tatu tu. Ikiandikwa 120 peke yake, tafuta adapta nyingine. Na usichomeke adapta ya ruta eti imeingia: adapta nyingi za Roland na Boss zina hasi katikati, za ruta nyingi zina chanya katikati.

Tunavuka Lamu. Mashine tuibebeje?

Kutoka Mokowe, jeti ya upande wa bara, ni mashua, na ukifika jetini ni mkokoteni, punda au bega. Gari sahau. Hapo ndipo unapojua uzito wa ulichonunua. Msimu wa kusi mashua inarusha maji, na mfuko wa nguo alioshona fundi wako hautazuia kitu. Tunatumia pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, lile la kuhifadhia maji, na mashine ndani imefungwa kwenye leso mbili. Linaelea pia, ingawa hatujalijaribu na sina hamu.

Ukifika, usiwashe kabla haijazoea hewa ya pale, hasa kama umelala chumba chenye kiyoyozi. Mashine baridi ikiingia joto la pwani inatoka jasho, ndani pia. Nusu saa inatosha.

Ni halali kukata kipande cha wimbo wa mtu?

Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na bodi yake, KECOBO. Kipande cha rekodi ya mtu ni mali yake hata kikiwa sekunde tatu, omba ruhusa. Njia nyepesi ni kurekodi mwenyewe, na huku kwetu hakuna uhaba wa wapigaji. Mzee akikurekodia msondo au zumari, mlipe siku ile ile, mwambie utaitumia wapi, na jina lake liweke kwenye jina la faili ili lisipotee. Adhana, kaswida na dhikri usizitie kwenye pedi.

Si udanganyifu huo? Wazee wanasema ni plebeki.

Sauti ya mwimbaji wenu ikitoka kwenye mashine ilhali yeye anapumzisha koo, ni udanganyifu. Fidla ambayo mwenye fidla yuko Mombasa, hapana.

Nanunua ya mkono wa pili. Nikague nini?

Piga kila pedi polepole na kwa nguvu, usikilize kama inaitikia tofauti. Piga moja uone kama jirani yake nayo inalia. Tikisa jeki zikiwa zimechomekwa; zikikwaruza, chumvi imeshaingia, na dawa ya kusafishia viunganishi inaweza kusaidia au isisaidie. Ijaribu kuhifadhi na kusoma flashi. Omba adapta yake halisi. Muuzaji akikataa uiwashe, rudi nyumbani.

Imeingia maji ya bahari. Nifanyeje?

Toa umeme na betri papo hapo na usiiwashe "kuangalia tu". Kuikausha juani hakutoshi, kwa sababu maji yanaondoka na chumvi inabaki ikila shaba. Mpelekee fundi siku hiyo hiyo, aifungue na kuiosha bodi kwa spiriti kavu ya kusafishia vifaa. Wakati huo huo mtafute mwenye kupiga zumari. Pale Lamu anza kuuliza mtaa wa Langoni.